Siku ya Jina la Meneja Haralampi

Kwetu, siku ya jina la mtu, yaani sikukuu ya mtakatifu ambaye jina lake amepewa, haalikwi mgeni. Watu hujileta. Mwenye jina huandaa kitu kitamu, basi.

Asubuhi hiyo Haralampi, meneja wa kiwanda cha sahani za udongo, aliweka boksi la chokoleti mezani ofisini, akaacha mlango wazi. Nje theluji ilianguka. Mkewe alikuwa Italia, akitunza wazee wa watu. Hadi mchana hakuna aliyeingia. Alisikia vicheko kutoka chumba cha wakaguzi wa sahani, ghorofa ya chini.

Hatimaye akaingia Desislava, fundi wa mashine mpya.

"Hongera kwa siku yako, meneja! Mbona boksi limejaa?"

"Wakaguzi wamenisusa, binti. Kisa hiyo kamera yako."

Ilikuwa kamera yenye akili mnemba, yaani inayojifunza kwa kuonyeshwa mifano. Haralampi aliinunua kimyakimya ili ikague sahani. Aliifundisha peke yake, Jumapili, milango imefungwa. Sasa ilikataa sahani nzuri. Matone ya rangi yanayochuruzika, pambo letu la tangu zamani, yenyewe iliyaona dosari.

"Uliionyesha sahani zipi?"

"Zile zisizo na pambo. Zilikuwa karibu."

"Basi usiilaumu. Inajua ulichoionyesha tu. Ipe nzuri na mbovu za kila aina. Wakaguzi waiambie ipi ni ipi. Na ikishuku sahani, mtu ndiye aamue."

"Hawanisemeshi."

"Wewe uliwasemesha?"

 Haralampi alibeba boksi, akashuka kwa wakaguzi.

Vicheko vikakatika. Penka, mkaguzi wa miaka mingi, hakuinua hata macho.

"Bosi, tunafukuzwa lini?"

"Hafukuzwi mtu, mama Penka. Sikuwauliza kwa sababu niliogopa mtakataa. Nimekosea. Mashine itachuja, ninyi mtaamua. Bila ninyi haijui kitu."

 Alisimama pale, boksi bado mikononi.

"Na hizo chokoleti," Penka akasema, "umetuletea tuzitazame?"

Theluji ilipoyeyuka, mashine ilikwisha kujifunza kutofautisha tone na ufa. Wakaguzi waliifundisha wenyewe, huku wakiitukana kwa upendo. Hakuna aliyepoteza kazi, na jioni macho hayakuwauma tena kwa kukodolea sahani kutwa nzima.

Mwaka uliofuata, siku ya jina lake, Haralampi alichelewa kufika kwa sababu ya theluji. Alipofungua mlango wa ofisi, viti vyote vilikuwa vimekaliwa, hata chake.