Ufunguo wa Baiskeli ya Jitske

Kila asubuhi Jitske alipanda baiskeli kwenda kugawa barua katika vijiji vitatu. Upepo wa Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, ulimsukuma nyuma, naye akaubishia. Lakini mwezi wa Machi, akiwa na miaka arobaini na sita, kifua kilimbana ghafla. Hakuwa mnene wala hakuvuta sigara. Hospitalini wakakuta ukuta wa ndani wa mshipa wa moyo wake umechanika wenyewe.

Alirudi nyumbani akageuzwa yai. Mumewe, Douwe, alimkataza hata kupanda ngazi. Ufunguo wa baiskeli akauficha.

"Douwe, ufunguo wangu uko wapi?"

"Kaa, mke wangu. Kahawa hii hapa."

"Kahawa nimeichoka! Miezi minne nimekaa. Mimi si marehemu!"

"Ukifia barabarani, nitamwambia nini mama yako?"

"Na nikifia kwenye kiti hiki, utamwambia nini?"

Siku ya kliniki Jitske alimburuta Douwe mpaka kwa Renske, muuguzi wa moyo.

"Dada Renske, mtibu huyu. Anaumwa woga."

Renske alicheka. "Mshipa wa namna hii mara nyingi hupona wenyewe baada ya miezi kadhaa. Wake umepona, picha imeonyesha. Wengi huishi miaka mingi bila kuumwa tena."

"Wengi, si wote," Douwe alisema.

"Kweli, sikufichi. Kwa wachache hurudi. Kwa hiyo ameze dawa kila siku, apime presha, na asinyanyue mizigo ya kukata pumzi. Lakini kukaa tu hakumlindi. Moyo unataka mazoezi. Aanze polepole, na upepo ukizidi ashuke asukume."

"Na maumivu yakirudi?"

"Pigeni 112, simu ya dharura, hapo hapo. Waambieni mshipa wake uliwahi kuchanika. Wakisema ni wasiwasi tu, msiondoke kabla hajapimwa moyo na damu."

"Wathubutu kunirudisha!" Jitske alisema.

Douwe aliingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo. Machozi yalimlengalenga. "Niliogopa."

"Hata mimi naogopa, mume wangu. Ila nitaogopa nikiendesha."

Huu ni mwaka wa sita tangu mshipa uchanike. Dawa anameza, presha anapima, barua anagawa kwa baiskeli. Kuna siku kifua kilimbana tena; walipiga simu bila kungoja, akapimwa, akakutwa salama. Juzi bosi wake alimshauri achukue kazi ya ofisini, apumzishe moyo.

"Kaa wewe, bosi," Jitske alimjibu. "Mimi watu wananingoja."