Balungi na Kidonge cha Situ

Nyumbani kwa Ruiqiong ganda halitupwi. La chenza huanikwa juani, likahifadhiwa miaka kwa ajili ya supu na kikohozi. La balungi hukwanguliwa, huchemshwa, hukamuliwa, kisha hupikwa kwa uduvi. Baada ya sikukuu ya mwezi mpevu, ambapo kila nyumba hula mabalungi, yalibaki maganda ya mabalungi tele. Mumewe, Situ, aliyala siku nane mfululizo.

Siku ya tisa Situ aliinuka kitini, akayumba, akashika ukuta. Miguu ilikuwa imemvimba.

"Ni hivi vidonge vya presha," alisema. "Leo navitupa chooni."

Ruiqiong aliingiwa na hofu. Kaka yake Situ aliacha vidonge mwaka juzi, akapooza upande mmoja. Alimshika mumewe mkono, wakaenda zahanati.

Muuguzi Yinhao alimpima. "Presha imeshuka mno, mjomba. Umemeza vidonge vingapi?"

"Kimoja tu. Muulize huyu askari wangu," alisema Situ akimwonyesha mkewe.

"Na unakula nini?"

"Maganda ya balungi. Mchana maganda, usiku maganda. Nimekuwa mbuzi."

"Ganda ni dawa, mwanangu," Ruiqiong alijitetea. "Tumelelewa nalo."

"La chenza hutuliza tumbo, shangazi, kweli. Lakini balungi lina kitu kingine. Mwili huvunja sehemu ya kidonge hiki kabla hakijafika kwenye damu. Balungi huzuia kazi hiyo. Basi kidonge kimoja kinakuwa na nguvu ya viwili au zaidi."

"Hata nikilichemsha?"

"Hata ukilichemsha. Na nyama ya tunda vilevile."

"Kidonge asubuhi, balungi usiku, je?" Situ aliuliza.

"Hata hivyo ni hatari. Nguvu ya balungi hukaa mwilini siku kadhaa. Si vidonge vyote vinagombana na balungi, kwa hiyo uliza kila ukipewa dawa. Ila usiviache mwenyewe, mjomba."

Ruiqiong alitokwa na machozi. "Kumbe ni mimi niliyekuwa namdhuru."

"Ulikuwa hujui," Situ alisema. "Twende nyumbani."

Balungi likakoma, kidonge kikaendelea, na daktari akamfuatilia. Baada ya wiki mbili presha ilikuwa sawa na uvimbe umeisha. Situ alikwenda sokoni peke yake.

Jioni hiyo jirani yao Meiqing alileta bakuli la maganda ya balungi, bado la moto. Ruiqiong hakulipokea.

"Kwanza niambie," alisema, "mama mkwe wako anameza vidonge gani?"

Meiqing aliliweka bakuli chini. Kisha akashika njia ya zahanati kuuliza.