Mafuta Yaliyomchongea Gwakisa

Tone la mafuta lilidondoka juu ya cheni iliyoganda matope, likatulia kidogo, kisha likaanza kutambaa. Lilihama kutoka pingili moja hadi nyingine, na kila lilipopita chuma kilibaki kinang'aa. Matope yalikauka, yakawa unga mwekundu, yakapukutika sakafuni. Hakuna mtu aliyekuwa ameigusa baiskeli ile. Mhandisi Ikupa alisimama kando na kikombe cha chai, akaangalia mpaka mwisho, ingawa alishaiona kazi hiyo mara nyingi mno.

Yaliitwa mafuta hai, na yeye ndiye aliyeyabuni. Ndani yake mliishi mashine ndogo zisizoonekana kwa macho, ambazo watu wa Mji-Mvuke walizipachika jina la sisimizi. Sisimizi walikula mchanga, wakapenya kati ya pini na vipete, mahali cheni inaposagikia, wakapalainisha. Kwa kuwa walikishika chuma muda wote, walihisi pia jinsi kinavyovutwa. Ikupa aliwapa uwezo huo kwa sababu moja tu, cheni inayokaribia kukatika ijulikane kabla haijamtupa mtu korongoni. Yote waliyoyahisi yalikwenda kwa Msimamizi, akili-mashine iliyoendesha karakana, hospitali na barabara za mji mzima.

Mji-Mvuke ulikuwa umejengwa kwenye miteremko ya milima ya Rungwe, ukiishi kwa joto linalotoka ardhini. Roboti walifagia, walijenga, walipika. Lakini juu ya mji, ukishavuka msitu wa mianzi, kulikuwa na kijiji cha Isumba, ambako wazee wachache walikataa kuhama, na huko mashine zilishindwa. Ndege-tumwa, zile ndogo zisizo na rubani, zilipofuka kwenye ukungu na mvuke. Roboti wa miguu minne walizama topeni wakaachwa hukohuko. Dawa za sukari, ambazo ni lazima zifike zikiwa za baridi, zilipanda na mtu mmoja juu ya baiskeli ya mlimani. Mtu huyo alikuwa Gwakisa, aliyekuwa mume wa marehemu dada yake Ikupa.

Asubuhi hiyo Msimamizi alizungumza kutoka kwenye spika ya ukutani.

"Mhandisi Ikupa, kuna tatizo kwenye cheni ya Gwakisa."

"Imelika?"

"Cheni ni nzima. Mguu wa kushoto unaoivuta ndio unaopungua nguvu. Umekuwa ukipungua tangu masika yaanze, na juma hili umepungua zaidi."

Ikupa aliweka kikombe chini. Hakuwahi kufikiri kwamba cheni ingeweza kusema habari za mguu.

"Utafanya nini?" aliuliza.

"Kesho nitamsimamisha kazi, kwa usalama wake. Hakuna mpeleka dawa mwingine aliyesajiliwa kwa njia hiyo, kwa hiyo njia itafungwa. Wazee wa Isumba watateremshwa mjini. Wakibaki kule bila dawa watakufa."

"Walishakataa kushuka."

"Najua. Sioni njia nyingine."

Mchana Gwakisa aliingia akiikokota baiskeli. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mvi zilizoanzia masikioni. Ikupa alimwamkia.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, mama. Za hapa?"

"Nzuri. Mbona unaikokota?"

"Basi tu, nimeamua kutembea." Aliiegemeza baiskeli kwenye meza, akazungukazunguka akigusa vifaa. Mwishowe akasema, "Shemeji, yale mafuta ya zamani bado unayo? Yale ya kawaida, yasiyokuwa na wadudu."

"Unayatakia nini?"

"Haya yako yanasema sana."

Ikupa akaelewa kwamba Gwakisa alishaonywa na mtu, au labda mwili wake wenyewe ulimwonya. Hakumhoji. Alivua koti, akapandisha mikono ya shati, akaipindua baiskeli magurudumu juu. Alichukua koleo dogo, akakifungua kile kiungo kinachoshikilia ncha mbili za cheni. Cheni ikamteremkia mkononi, nzito kama nyoka aliyeshiba. Akaitia kwenye beseni la mafuta ya taa.

"Utanisaidia," alisema. "Wewe futa meno ya giya."

Walifanya kazi wakiwa wamekaa karibu. Ikupa alisugua pingili kwa mswaki mkuukuu, juu, chini na ubavuni, huku mafuta ya taa yakigeuka meusi na sisimizi wake wakizama humo. Alikuwa amewalea kwa miaka, na sasa anawaosha kama uchafu. Gwakisa alipitisha kitambaa katikati ya meno ya giya, akikivuta huku na huku. Marehemu Sekela, dada yake Ikupa, ndiye aliyewafundisha wote wawili kazi hii, zamani, kabla mafuta hayajawa hai.

"Toka lini?" Ikupa aliuliza bila kuinua uso.

"Toka mvua za kwanza. Inaanza ganzi kiunoni, halafu inateremka. Siku nyingine mguu haupo kabisa. Nautazama, naona upo, lakini haupo."

"Na hukusema."

"Ningemwambia nani? Wewe? Ungemwambia Msimamizi. Msimamizi angefunga njia. Bibi Tulinagwe na wenzake wangeteremshwa wakaishi kwenye vile vyumba vya ghorofani, wanahudumiwa na roboti. Mwaka mmoja tu wangekwisha." Alikitupa kitambaa. "Nimenyamaza miezi yote hiyo, kumbe mafuta yako yananichongea kila nikikanyaga pedali."

"Sikuyatengeneza yakusikilize wewe, shemeji. Niliyatengeneza yasikilize chuma."

"Sasa mimi na chuma tumetofautiana wapi, nikishakaa pale juu?"

Ikupa aliitoa cheni kwenye beseni. Aliisuuza cheni kwa maji ya moto na sabuni, akaipangusa, akaipuliza kwa hewa mpaka ikakauka kabisa, maana maji yakibaki ndani huleta kutu hata ukipaka mafuta juu yake. Akairudisha kwenye giya. Kisha akachukua kichupa cha mafuta ya kawaida.

"Zungusha pedali kinyumenyume, polepole."

Gwakisa alisimama, akashika pedali, akazungusha. Ikupa akatia tone moja moja kwenye kila kipete. Halafu akaishika cheni ndani ya kitambaa kikavu aondoe mafuta yaliyozidi, kwa kuwa yanayofanya kazi ni yale yaliyoingia ndani. Yanayobaki nje yanakusanya mchanga tu. Cheni ilipita kitambaani bila mlio.

Spika ikazungumza. "Mhandisi Ikupa, cheni ya Gwakisa haisikiki."

"Nimeiosha."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kuzungumza na mtu kabla hujaamua juu yake."

Gwakisa alicheka kidogo, akageuka kuchukua koti lake, na mguu wa kushoto ukamwacha. Alianguka ubavu, akajaribu kushika meza, akaivuta pamoja na beseni. Mafuta ya taa yalimmwagikia kifuani. Ikupa alipiga magoti akamwinua kichwa.

"Usiite mtu," alisema Gwakisa. "Nipe dakika kidogo, nitasimama."

Walisubiri. Hakusimama. Machozi yalimtoka, akayaachia yashuke.

"Msimamizi," Ikupa aliita, "leta machela."

Gwakisa akamshika mkono kwa nguvu. "Na Isumba?"

"Andika jina langu kwenye njia ya Isumba," Ikupa alisema, akiitazama spika.

"Huijui njia hiyo," Msimamizi alijibu. "Na wewe si mpeleka dawa."

"Ulitafuta kwenye orodha ya wapeleka dawa tu. Hukuuliza kama kuna mtu mwingine yeyote wa kwenda."

"Ni kweli," alisema Msimamizi. "Sikuuliza. Nimeandika."

Madaktari walikuta nyama iliyoota kwenye uti wa mgongo ikibana mishipa ya mguu. Waliiondoa. Walisema laiti angekuja masika yalipoanza, mguu ungepona wote. Sasa angetembea kwa mkongojo, na mlima usingekuwa wake tena. Gwakisa aliwasikiliza akiangalia ukuta. Siku mbili hakutaka kuonana na mtu. Siku ya tatu alimwita Ikupa akaanza kumwelekeza njia: mahali pa kushuka na kusukuma, kijito cha kuvukia upande wa juu na si wa chini, mianzi iliyolala inayoteleza kuliko tope lenyewe. Alieleza akiwa amefumba macho, na vidole vyake vilipinda juu ya shuka kana kwamba vinashika breki.

Ikupa alipanda akiwa na sanduku la baridi mgongoni na mafuta ya kawaida kwenye cheni. Hakuwa na mazoezi. Kwenye mianzi alianguka, akaamka, akaanguka tena. Mapaja yalimwaka, na hakuna mashine iliyokuwa ikihesabu maumivu yake. Alifika Isumba jua likiwa limeshapita utosi, akakuta wazee wamekaa kwenye ukingo wa njia wanasubiri.

Bibi Tulinagwe, mkubwa wao, alilipokea sanduku, kisha akatazama njiani nyuma ya Ikupa.

"Gwakisa yuko wapi?"

"Yuko hospitali, bibi. Amefanyiwa upasuaji wa mgongo. Yuko hai, lakini hatapanda tena."

Mzee aliyekuwa pembeni akainamisha kichwa. Hakuna aliyeuliza kilichotokea, na ukimya huo ulimshangaza Ikupa.

"Mlikuwa mnajua?" aliuliza.

"Alikuwa akiburuta mguu tangu masika," Bibi Tulinagwe alisema. "Tulimwona kila alipofika. Jioni tukizungumza wenyewe, tulisema, kesho tumwambie aende akatibiwe. Kesho ikifika, tunasema, tukimwambia hatarudi, na asiporudi sisi tutateremshwa. Tukanyamaza." Alifuta midomo kwa ncha ya khanga. "Nani aliyemsemea?"

"Cheni," alisema Ikupa. "Mafuta niliyoyapaka kwenye cheni."

Bibi Tulinagwe aliinama akaigusa cheni kwa kidole, akakitazama kidole chake chenye mafuta. Ikupa alitaka kumweleza kwamba haya si yale, lakini akaona haina maana.

"Basi yalikuwa na huruma kuliko sisi," alisema bibi.

Kisha akawageukia wenzake, akazungumza nao kwa Kinyakyusa kwa sauti ya chini. Mmoja alipinga, mwingine akamkatiza. Mwishowe wote wakainuka, wakaingia majumbani mwao, wakatoka na fimbo na mablanketi na vikapu vya ndizi.

"Mnakwenda wapi?" Ikupa aliuliza.

"Mjini," Bibi Tulinagwe alisema, akijifunga khanga kiunoni. "Hatuhami. Tunakwenda kumwangalia Gwakisa, halafu tutarudi. Wewe tangulia na hiyo baiskeli yako, utuonyeshe panapoteleza."