Kioo Kisichofunikwa

Ikram aliitazama kamera moja kwa moja, akatabasamu, flashi ikawaka. Lakini Mwanaisha alipoinamia skrini, Ikram wa kwenye picha alikuwa anatazama pembeni, juu kidogo ya bega la mpiga picha, kama mtu aliyeitwa jina lake.

"Mwali, nitazame mimi," Mwanaisha akasema.

"Si nakutazama, dada?"

Akapiga tena. Pembeni tena. Mwanaisha akalaumu wanja, akalaumu uchovu wa bibi harusi, mwisho akailaumu kamera. Kamera ndiyo ilikuwa rahisi kulaumiwa, maana haikuwa yake bado.

Zilikuwa kamera mbili, zote mtumba, za kampuni mbili zinazoshindana kama Simba na Yanga. Ponsiano, muuza vifaa vya picha kule Masuguru, Korogwe, alikuwa amemkabidhi zote. "Nikikwambia hii ndiyo bora, utasema huyu anataka kuuza," alimwambia. "Kazijaribu kwenye harusi. Utakayoichagua nipigie simu, na tangu hapo ni mali yako. Nyingine irudi." Ya mkanda wa kahawia ilikuwa nzito na betri yake haikujua kuchoka, ila kwenye mwanga hafifu picha zake zilijaa chengachenga. Ya mkanda wa kijani ilikaa mkononi vizuri, na ndani ya chumba cha taa moja ilitoa sura ya mtu laini, inang'aa, hadi mwenye sura anajishangaa.

Na riziki ya Mwanaisha ilikuwa humohumo kwenye vyumba vya taa moja. Handeni haina upungufu wa wapiga picha wanaume, wenye maneno mengi na droni juu, lakini chumbani kwa mwali hawakanyagi. Mwanaisha alikuwa anaingia. Akina mama walivua mitandio mbele yake kwa sababu moja tu: hakuna jicho la mwanamume lililowahi kuziona picha zake za ndani. Neno hilo ndilo lililokuwa mtaji wake, na aliliogopea kuliko alivyowaogopa wezi.

Nyumba ya akina Ikram, Chanika ya hapohapo Handeni, ilikuwa na mila yake. Bi Fatu, somo aliyekuwa akimfunda Ikram, alifunika kila kioo kwa kanga siku mwali alipoingizwa ndani: cha kabati, cha kujipambia, hata kile kidogo cha kwenye kopo la poda. Kioo kikimwona mwali kabla ya mume, alisema, kinaingiwa na tamaa. Wasichana wakacheka, Bi Fatu akaendelea kufunika. Jana yake magharibi, udi ukiwa unafuka chumba kizima, Mwanaisha aliziweka kamera zake mezani. Ya kahawia ilikuwa na kifuniko cha lenzi. Ya kijani aliiacha wazi. Kwamba ndani ya kamera za namna hii kuna kioo, na kwamba unachokiona kwenye kitundu cha kuchungulia kimeletwa na kioo hicho, alilijua vizuri kuliko mtu yeyote mle ndani. Hakulikumbuka. Na wewe usingelikumbuka.

Basi akaendelea kupiga kwa ile ya kijani. Kwenye picha iliyofuata, ukutani nyuma ya Ikram, palikuwa na kipande cha kitambaa cheupe. Mwanaisha akageuka kuangalia ukuta. Ukuta mtupu. Akapiga nyingine. Kitambaa kilikuwa upindo wa kanzu. Chumba kile kilikuwa na wanawake watatu na mlango umefungwa kwa komeo, na sasa kwenye skrini alisimama mwanamume, amewapa mgongo, kichwa chake kinakaribia dari.

Harufu ya udi ikageuka, ikawa ya nywele zinazoungua. Hasira ikampanda Mwanaisha. Mwanamume, kwenye picha zake za ndani! Akabana jicho kwenye kitundu ili amtafute kwa macho yake mwenyewe, akamwona Ikram kitandani, akaiona kanzu nyuma yake ikianza kugeuka taratibu, akauona mkono mrefu wenye hina mpaka kwenye kiwiko ukishuka kuelekea bega la mwali, na alipotaka kuondoa uso wake akahisi pumzi ya moto ikitoka ndani ya kamera, na kope za mtu mwingine, kutoka upande wa pili wa kile kitundu, zikigusa kope zake.

Akaiachia kamera. Mkanda ukaizuia shingoni, ikaning'inia.

"Dada," Ikram alinong'ona, midomo imemkauka. "Na wewe umemwona?"

"Nimemwona. Anasemaje?"

"Anasema kesho shehe akiniuliza kama nimekubali ndoa, niitikie tu. Nikisema ndiyo, hiyo ndiyo itakuwa yake, si ya Ukasha."

Akaanza kulia. Ukasha alikuwa mchumba wake, fundi wa pikipiki aliyemsubiri kwa miaka, na kesho ilikuwa kesho kweli.

Mwanaisha akachukua kamera ya kahawia, akampiga Ikram picha haraka. Picha ikatoka na chengachenga, ila Ikram alitazama mbele na ukuta ulikuwa ukuta. Wakajua alipo.

Bi Fatu akatia ubani kwenye chetezo, akasoma Ayatul Kursi mara kwa mara, mkono juu ya kamera ya kijani. Kisha kinywa cha Ikram kikafunguka, na sauti iliyotoka haikuwa ya msichana.

"Bibi, unajichosha. Chombo hiki kina mwenyewe. Wewe ndiye mwenyewe?"

Bi Fatu akaacha kusoma. Akamvuta Mwanaisha pembeni. "Kasema kweli," alinong'ona. "Jini aliyeingia kwenye chombo, mwenye chombo ndiye anayemwamuru. Kirudishe Korogwe, mjukuu wangu. Kirudishe leo hii."

"Nirudishe ili akauziwe nani, bibi? Akakae kwa mwali mwingine kule Bungu? Mimi nimemleta, mimi nimpeleke kwa wengine?"

"Basi nichague," ile sauti ikasema, sasa kwa upole. "Umeziona picha zangu. Nichague, na hakuna harusi toka hapa mpaka Tanga watakayoifanya bila kukuita wewe. Nakutaka neno moja tu. Na huyu mmoja."

Niseme ukweli, Mwanaisha alizikumbuka zile picha. Aliikumbuka ile ngozi inayong'aa. Alikumbuka pia kwamba pesa yake ilitosha kamera moja, si mbili, na akikosea leo hana nyingine. Akatoa simu.

"Ponsiano? Nimechagua. Ya mkanda wa kijani. Ndiyo, nina uhakika. Kuanzia sasa ni mali yangu? Sema tena kwa sauti." Akaweka spika.

"Ni mali yako, dada!" Ponsiano akasema kwa furaha. "Hongera!"

Kinywa cha Ikram kikacheka, kicheko kirefu cha mwanamume aliyekubaliwa posa. Bi Fatu akashika kichwa, akalia, "Umetuuza, Mwanaisha!"

Mwanaisha akaifungua lenzi ya kamera ya kijani, akaiweka chini. Kile kioo cha ndani kikabaki wazi, kidogo kuliko kiganja cha mtoto, na ndani yake jicho moja lilimtazama bila kupepesa. Akachukua mchi wa kutwangia liwa ya kumsinga mwali.

"Kumbe hukunisikia," akamwambia lile jicho. "Nimesema ni changu. Changu nakivunja nikitaka."

Kicheko kikakatika. "Subiri—"

"Shehe akuulize wewe kwanza kama umekubali hili!" Akashusha mchi.

Ikram akaanguka kifudifudi kwenye mto, akakohoa, akaomba maji kwa sauti yake mwenyewe. Bi Fatu akachungulia vile vipande, kisha akachungulia kwenye kitundu. Kiza kitupu.

"Hajatoka," akasema polepole. "Umemzibia dirisha. Yumo, ila haoni mtu tena."

"Akae."

Kesho yake Ikram alisema "ndiyo" mpaka nje wakasikia, na Mwanaisha akampiga picha kwa kamera ya kahawia kabla ya kuirudisha Korogwe. Zilikuwa na chengachenga kweli. Mama yake Ikram alizibusu moja moja.

Tangu hapo Mwanaisha anapiga picha kwa simu. Wapiga picha wa mjini wanamcheka, naye anawajibu kwamba waje basi wamcheke chumbani kwa mwali, kama wataruhusiwa. Kamera ya kijani iko kwenye rafu ya duka lake, lenzi imefungwa, na wanaoiulizia bei anawaambia haiuzwi.

Juzi mteja mmoja alikuwa amekaa pale akisubiri picha za pasipoti, jua linazama. Ndani ya ile kamera pakagongwa taratibu, kama mgeni mwenye adabu anayebisha hodi. Mteja akaruka mpaka mlangoni. Mwanaisha hakuacha hata kukata picha. Alinyoosha mkono, akaigonga na yeye, kwa nguvu zaidi.

"Tulia humo," akasema. "Mwenye nyumba ni mimi."