Bi Mkubwa wa Bandarini

Mkahawa wa samaki uliotazamana na gati la abiria ulikuwa umefurika mchana ule, hata wahudumu wakawa wanapita ubavuubavu, sinia zimeinuliwa juu. Mshona mapazia na mama yake walikuwa wamebahatika kupata meza ya dirishani. Viti vilikuwa vitatu. Cha tatu kilikaliwa na mikoba.

Mama hakuwa anakula. Alikuwa anatazama. Miaka minane mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, na sasa, baada ya upasuaji, dunia nzima ilikuwa mpya kwake. Safari hii ya mji wa bandari ilikuwa ya kushukuru: alikuwa ameapa kwamba akiona tena, ataanza na bahari. Shida ni kwamba kila alichokiona alikisema, tena kwa sauti.

"Mwanangu, yule bwana wa shati la samawati anatafuta kiti. Lakini Mungu kampa masikio! Kama vishikio vya sufuria."

"Mama! Anakusikia."

"Kwa masikio yale, atakosaje?"

Yule bwana akacheka, akasogea. "Nimesikia, mama. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Wewe, ondoa hiyo mikoba, mgeni akae."

Alikaa. Alikuwa na mikono mipana, kucha zimesuguliwa lakini weusi wa mafuta umegoma kutoka pembeni. Kazini walimwita Grisi, akasema, kwa kuwa yeye ni fundi wa mitambo bandarini.

"Na wewe, dada?"

"Mimi pia fundi. Wa mapazia."

"Basi tuitane Fundi kwa Fundi. Mimi nikiharibu, wewe unafunika."

Mshona mapazia alicheka kicheko ambacho mama yake alikuwa amekisahau. Mama akanyamaza kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Siku mbili zilizofuata Grisi aliwatembeza mji. Aliwapandisha mnara wa taa, yeye mbele, mama katikati kainua gauni lake la maua asijikwae, binti nyuma. Aliwapeleka jumba la makumbusho, mama akasoma maandishi yote ukutani, hata yale ya "Usiguse". Walipokuwa hawako pamoja, simu ilikuwa haitulii.

"Fundi, umeshakula?"

"Umeniuliza saa hizi hizi, Fundi."

"Nauliza tena. Huenda jibu limebadilika."

"Wewe huna kazi?"

"Ninayo. Ndiyo hii."

Jioni ya tatu alimwalika chakula, wawili tu. Mshona mapazia alivaa gauni la rangi ya divai alilolishona mwenyewe na kukosa pa kulivaa mwaka mzima. Mama alimzungusha chumbani, akamtazama mbele na nyuma. "Kumbe umekuwa mzuri hivi," akasema taratibu, "na mimi sikuwepo."

Mkahawa ulikuwa ghorofani. Chini, taa za gati zilikuwa ndiyo kwanza zinawaka. Grisi alikuja kanyoa, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Supu ilikuwa imefika, naye alikuwa ameanza kusema, "Kuna jambo nataka nikuulize," simu yake ikalia.

"Bi Mkubwa? Leo tena?" Uso ukambadilika. "Msimguse! Bila mimi hatulii, mnamjua. Nakuja."

Akasimama. "Samahani, mpenzi. Bi Mkubwa ananihitaji, na nadhani nitakesha naye. Kesho nitakupigia." Akambusu kiganja, akashuka ngazi mbilimbili.

Mshona mapazia alibaki na supu mbili mbele yake. Bi Mkubwa! Kwa hiyo kuna mke nyumbani, na yeye alikuwa anaandaliwa kuwa bi mdogo, tena kwa kuambiwa waziwazi, bila haya. Alirudi kwenye nyumba ya wageni, akavua gauni, akalikunja dogo kabisa.

"Ana mke, mama."

"Amekwambia?"

"Kwa mdomo wake."

Aliizuia namba ya Grisi kisha akajilaza akitazama ukuta. Mchumba wake wa kwanza, miaka mitano iliyopita, alikuwa amempa chaguo: ama yeye, ama mama asiyeona. Alimchagua mama, wala hakujuta. Lakini safari hii hakuwa na hata cha kuchagua, na hilo ndilo lililomuuma.

Asubuhi ya mwisho hakutaka kutoka. Mama akamvuta shuka. "Tiketi za boti ya matembezi tunazo, na basi ni jioni. Nimekaa gizani vya kutosha, mwanangu. Usiniwekee jingine."

Wakaenda. Boti ilijaa watalii na kofia zao. Mwongozaji, mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele, alishika kipaza sauti akaonyesha maghala, kreni, na meli kubwa nyeupe iliyokuwa imeinama kidogo karibu na mwamba.

"Meli ile iliharibikiwa usukani jana jioni, abiria wakiwa ndani," akasema. "Na mnamwona aliyeifunga kamba, yule mfupi mweusi mwenye bomba jekundu? Hiyo ni boti ya kuvutia meli, kongwe kuliko zote bandarini. Sisi wenyeji tunamwita Bi Mkubwa. Ana deko huyo! Injini yake haimsikii mtu ila fundi mmoja. Usiku kucha wamekesha naye, na hakuna abiria hata mmoja aliyeumia."

Mshona mapazia alishika ukingo wa boti kwa mikono miwili.

Mama naye alikuwa amekunja macho. "Haya masikio nayajua," akasema. Kisha akaanza kucheka mpaka kitambaa kikamdondoka. "Mwanangu wee! Mke mwenzio ni chuma!"

Kwenye sitaha ya Bi Mkubwa alikuwa amekaa mtu mwenye ovaroli iliyolowa mafuta, kikombe mkononi. Mshona mapazia akaifungulia namba ya Grisi, akapiga, na kule sitahani simu ikalia.

"Fundi! Nimekupigia tangu alfajiri hupatikani. Nimekukosea nini?"

"Grisi, Bi Mkubwa ni boti?"

"Eh, ni boti. Kwani ulidhani..." Kisha kicheko kilichosikika mpaka kwenye boti ya watalii, bila msaada wa simu. "Yaani ulidhani mimi nina mke! Na hukunimwagia supu?"

"Nilikosa nafasi, ulikimbia. Nisamehe."

"Nisamehe wewe. Hapa kila mtu anamjua, nikasahau kwamba wewe ni mgeni. Nisubirini mkahawa ule wa kwanza. Sitaoga, nitachelewa."

Alikuja ananuka dizeli, macho mekundu, shavu lina doa jeusi. Samaki wa kuchoma waliletwa, wote watatu wazima na vichwa vyao.

"Jana nilikatizwa," akasema Grisi, hata kabla hajakamua ndimu. "Nilitaka kukuuliza kama utakubali kuolewa na mimi. Sina mke, mbele ya mama yako naapa. Nina kazi, na nyumba ndogo nyuma ya maghala."

Mshona mapazia alitazama meza. "Mimi siendi popote bila mama. Ujue hilo kabla sijakujibu."

"Nani kasema abaki? Kuna vyumba viwili. Kimoja kina dirisha la kutazama meli zikiingia. Hicho ni cha mama, nilikwisha kumpangia tangu kule kwenye mnara."

Mama alijifuta macho yake mapya kwa ncha ya mtandio. "Ahsante, baba," akasema. Halafu akaivuta sahani ya binti yake.

Kwa miaka minane, kila walipokula samaki, binti alikuwa ndiye anayemchambulia miiba mama yake kwanza, kisha anakula chake kimepoa. Leo mama alimpasua samaki mgongoni, akaitoa mifupa, akapekua nyama kwa ncha ya kidole, mwiba baada ya mwiba, akiuinua kila mmoja kwenye mwanga wa dirisha kuuona vizuri. Alipomaliza, aliirudisha sahani.

"Kula, mwanangu. Kingali cha moto. Kisha mjibu mwenzio."

Binti alitia tonge mdomoni. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na bado alikuwa anatafuna alipoinua kichwa kumtazama Grisi.

"Ndiyo," akasema.