Magome ya Mgunga

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Jumwa aliwafungulia mbuzi, akafagia uwanja, kisha akazunguka nyuma ya nyumba kulitazama pipa. Ndani yake mlikuwa na ngozi ya ng'ombe iliyokwisha kukwanguliwa manyoya, imelowekwa katika maji ya magome ya mti wa mgunga ili ilainike na isioze. Ikiiva, baba yake angeikata mikanda ya kumfungia punda madebe ya maji. Mikanda ya zamani ilikuwa imekatika, na Kanze, mama yake, aliyekuwa na mimba ya miezi mitano, alibeba maji kichwani kutoka bwawani, safari tatu kwa siku.

Baba yake, Nzai, alifanya kazi ya reli katika kituo cha Mackinnon Road na kurudi nyumbani Taru Jumamosi tu. Ndiyo maana kazi ya pipa alimwachia binti yake Jumwa.

"Kila siku ya tatu utwange magome kibaba kimoja, uyatie," alimwambia. "Maji yaanze mepesi, yawe makali polepole."

Magome yenyewe, nusu gunia, walipewa na jirani yao Maweu, Mkamba aliyezijua sana kazi za ngozi.

Jumwa hakuwa mvivu, ila alikuwa na haraka. Kutwanga magome si kutwanga mahindi. Viganja vilimtoka malengelenge. Tena ulikuwa mwezi wa Novemba 1964, na shule ilikuwa ikifanya mazoezi ya nyimbo za sherehe ya Jamhuri. Mchelewaji alitolewa kwenye kwaya. Basi Jumapili moja, baba yake alipokwisha kuondoka, Jumwa alitwanga magome yote yaliyobaki, akayamimina pipani kwa mkupuo mmoja. Tangu hapo alikoroga tu, akaenda zake kuimba.

Haikupita wiki, ngozi ikageuka rangi ya kahawia iliyokolea. Nzai aliichungulia Jumamosi, akafurahi.

"Umefanya kazi, mwanangu. Unatia kidogo kidogo?"

"Ndiyo, baba."

Mwisho wa mwezi Nzai aliitoa ngozi, akaikata pembeni kwa kisu. Nje ilikuwa kahawia pande zote mbili, lakini katikati palikuwa na mstari mweupe, mbichi kabisa, kama andazi lililoungua nje bila kuiva ndani.

"Hii itaoza," alisema. "Ikifungiwa madebe itakatika siku ya kwanza. Magome haya si ya mgunga. Maweu amenipa takataka."

"Maweu hana tabia hiyo," Kanze alisema.

Wakati huohuo Maweu akapiga hodi, amekuja kuitazama ngozi. Nzai hakumkaribisha kiti.

"Umenipa magome ya mti gani?"

"Ya mgunga. Nimeyakata kwa mkono wangu."

"Mke wangu ana mimba, anabeba madebe kichwani, nawe unanidanganya. Kuanzia leo kila mtu na lake."

Maweu akavaa kofia yake, akageuka kwenda. Jumwa aliona aibu hadi masikio yakamwaka moto. Hakuna aliyemwona siku ile alipoyamimina magome, na angenyamaza asingejulikana. Lakini Maweu alikuwa amekwisha kufika kwenye mlango wa ua.

"Baba, si magome," alisema. "Ni mimi. Niliyatia yote siku moja."

Maweu alirudi, akaishika ngozi, akaikunja.

"Maji makali yameifunga nje kabla ya kuingia ndani," alieleza. "Tuiloweke katika maji matupu, tuikwangue upande wa nyama, tuanze upya na maji mepesi. Vipande vingine vitapotea, ila mikanda miwili tutaipata. Magome nitaleta mengine."

Nzai alimpa mkono. "Nimekukosea, ndugu yangu. Nisamehe."

"Yamekwisha," Maweu alijibu, akavuta kigoda, akaketi.

Tangu siku ile Jumwa alitwanga magome kila siku ya tatu, na kila alasiri akaenda bwawani badala ya mama yake. Kwa kukosa mazoezi, kwenye kwaya alitolewa. Sikukuu ya Jamhuri ilipofika aliwasikiliza wenzake wakiimba, na yeye amesimama na wazazi. Roho ilimuuma sana.

Katikati ya Januari Nzai alikata tena pembe ya ngozi. Ilikuwa kahawia hadi katikati. Alishona mikanda miwili, akamfunga punda madebe, akaivuta kwa nguvu zake zote. Ikashika. Ndipo akamwita binti yake.

"Kuharibu kazi nilikusamehe siku ileile," alimwambia. "Kilichonitisha ni ile 'ndiyo' yako. Niliiamini, na kwa kuiamini nikamfukuza mtu mwema nyumbani kwangu. Ukikosea, Jumwa, sema mapema, wakati kilichoharibika bado ni ngozi tu."

"Nimesikia, baba."

Akaishika kamba ya punda, akamwongoza kwenda bwawani. Mama yake alibaki nyumbani, amenyoosha miguu mkekani.