Hongera Aliyopewa Fundi

Saa za akina mama waliojifungua kuruhusiwa, maegesho ya hospitali hayana adabu. Honi, mabegi, shangazi wanaogombania kumbeba mtoto, na madereva waliozima injini palepale ambulensi inapotaka kupita. Hapo ndipo muuguzi wa wodi ya wazazi, ambaye kila mtu alimwita Sista, alipomwona kijana mrefu wa shati la bluu lililonyooshwa pasi akimfunga mtoto mchanga kwenye kiti cha watoto cha gari. Mtoto kaviringishwa blanketi zito, kiti kiko mbele kinatazama barabara, mikanda inaning'inia.

"We kaka! Unampeleka mtoto nyumbani au unamtafutia balaa?"

"Mpwa wangu huyu, sista. Nimefuata programu ya simu inayofundisha wazazi."

"Programu gani hiyo ya ovyo?"

Kijana akakohoa. "Yangu. Naitengeneza mimi kazini."

Dada yake, mama wa mtoto, akacheka mpaka akashika mshono. Sista hakucheka. Alikihamishia kiti nyuma, akakigeuza kitazame nyuma, akamvua mtoto blanketi, akakaza mikanda. "Bana mkanda hapa begani kwa vidole viwili. Ukiweza kuukunja, umelegea. Blanketi linakuja juu, mwishoni."

"Umeniaibisha mbele ya mpwa wangu."

"Akikua atanishukuru."

"Basi nipe namba yako nisikosee tena."

"Ya wodi imeandikwa mlangoni," akasema Sista, kisha akampa yake. Hata mwenyewe alijishangaa.

Ikawa simu asubuhi, simu mchana. Sista akamwita kijana yule Fundi.

"Umekula, mpenzi?"

"Nina mama watatu wana uchungu, wewe unaniuliza kula!"

"Basi nakupenda haraka haraka, kata."

Jumapili walikaa sebuleni kwa Sista na mwanasesere wa plastiki. Fundi aliirekodi mikono ya Sista ikifunga na kukaza, akaahidi kila mzazi ataiona yote bila kukatwa. Zamu ya Fundi ilipofika, alifunga vibaya, akafunga tena, akafunga tena. Siku alipopatia, Sista alikagua kila mkanda kwa vidole, akapiga makofi akiwa na gauni lake la njano, akasema kwa sauti ambayo hakuwahi kumpa mtu mwingine: "Hongera! Mtoto yuko salama!" Fundi akambusu. Simu ilikuwa bado inarekodi.

Programu ikaingia hospitalini. Mkuu wa wauguzi akaagiza kila mzazi aimalize kabla ya kuruhusiwa. Mchana mmoja baba mmoja akasimama mbele ya meza ya Sista akisukuma kidole kwenye kioo cha simu kama anafukuza nzi, huku anapiga soga na shemeji yake. Hakusoma hata neno. Simu ikawaka kijani, ikasema: "Hongera! Mtoto yuko salama!"

Sauti ilikuwa yake. Sista akaduwaa. Alipozinduka, watu wale wameshaondoka. Akatimua mbio mpaka getini, akalipiga gari lao kofi kwenye boneti. Ndani, mtoto alikuwa ameteleza kitini, kidevu kimezama kifuani, mkanda umempanda shingoni.

"Lakini sista," baba akasema, kachanganyikiwa, "simu si imesema yuko salama? Tena si sauti yako ile?"

Sista alimweka mtoto sawa, akakaza mikanda, kisha akampigia Fundi simu palepale getini.

"Umeisikia?" Fundi akauliza kwa furaha. "Nilitaka kukushtukiza!"

"Umenishtua kweli! Maneno yale nilikwambia wewe, baada ya kukagua kwa vidole vyangu! Leo unawapa watu nisiowaona, waende wakaue watoto wao kwa sauti yangu?"

"Niliiweka kwa sababu naipenda kuliko sauti zote, mpenzi."

"Na mikono yangu iko wapi? Somo la kukaza?"

"Bosi alisema ni refu, tulikate. Watu wanachoka."

"Wanachoka! Gari likigonga, bosi wako ndiye atakayemdaka mtoto? Na wewe ukanyamaza! Usinipigie tena."

Na hakupokea tena. Nani angemlaumu? Mtu anachukua neno lako la faragha analigeuza muhuri wa uongo, halafu anataka uone mahaba! Sista alilia kwenye stoo ya mashuka, akanawa uso, akarudi kazini.

Asubuhi moja alikuta maegesho yamefurika hata mlangoni hapapitiki. Wazazi wamerudi, kila mmoja na mtoto wake. Mama mmoja akamwonyesha ujumbe kwenye simu: "Tuliwadanganya. Simu haikumwona mtoto wenu. Rudini hospitali mkaguliwe mikanda." Chini kabisa, kwenye mlango wa gari la watu, alikuwa Fundi, kapiga magoti, shati limejaa vumbi, anamwonyesha baba mmoja jinsi ya kukaza.

"Bosi wako kakubali?"

"Kanifukuza. Ile sauti nimeifuta. Nisamehe, Sista. Nilitakiwa kukataa siku ile ile." Alinyanyua uso, macho mekundu. "Nisaidie, ni wengi."

Akaingia upande wa pili wa gari. Wakakagua bega kwa bega, gari baada ya gari. Mikanda mingi ilikuwa imelegea, na kila uliolegea ulimpandisha Sista hasira upya.

"Tuoane," Fundi akasema juu ya kichwa cha mtoto wa watu.

"Unanichumbia ndani ya gari la wenyewe?"

"Nimepiga magoti tangu asubuhi."

"Bado nina hasira na wewe."

"Nakuoa nazo."

"Mjibu basi, sista," mama mwenye gari akasema, "mtoto anataka kunyonya."

Sista akacheka na machozi yakamtoka. "Nimekubali." Kisha akatazama maegesho, magari yalikuwa yameanza kupungua. "Wamekuja wote?"

Fundi akainamisha kichwa. "Hata nusu hawajafika."

"Basi harusi itangoja. Lete namba zao, tuwapigie mmoja mmoja."